Waume Walioko Makongolosi

Mtu akibisha hodi kwangu hapa Kihesa na kilo mbili za sukari, wakati sina msiba wala mgonjwa, mimi sisemi asante upesi. Nasema karibu, halafu nakaa nasubiri. Ndivyo nilivyowasubiri nyinyi watatu, maafisa maendeleo ya jamii wapya, mlipokuja na nguo zenu zilizopigwa pasi na vishikwambi vyenu mkononi, mnaulizia afya yangu kana kwamba mlikuwa hamlali kwa ajili yake. Chai ya kwanza ikaisha. Ya pili ilipofika nusu, mmoja wenu akakohoa, akasema, "Mama, hivi kaya maskini ya kweli unaitambuaje?" Haya, nikasema moyoni, sukari imefungua mdomo.

Siku ile niliwajibu nusunusu kwa sababu sikuwaamini. Hata sasa siwaamini sana, maana kijana anayeuliza "unaitambuaje" mara nyingi anataka njia ya mkato, akamalize vijiji vitatu kwa siku moja awahi mpira. Lakini sukari nimeshainywa, na deni la sukari ni deni. Basi nawaandikia. Nimefanya kazi hii kwa muda mrefu, nusu Iringa na nusu upande wa Mbeya, kule Mbarali kwenye mpunga, na miaka yangu ya mwisho karibu yote niliimaliza kwenye mpango wa ruzuku kwa kaya maskini. Wanakijiji waliniita Mama Ruzuku. Hata mchungaji aliwahi kuniita hivyo madhabahuni, waumini wakacheka, na mimi nikaitika.

Anzeni na mbwa.

Mnacheka? Chekeni. Mzee Kaduma, aliyenipokea kazini nikiwa bado sijui hata kuvuka mto kwa gogo, alikuwa akifika mji wa mtu hatazami nyumba. Anatazama mbwa. Aliniambia, "Binti, mwanamke anaweza kuficha gunia, mwanaume anaweza kuficha ng'ombe, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha mbwa kukonda." Mbwa akiwa mnene, kuna makombo. Kukiwa na makombo, kuna chakula kinachobaki. Nikaishika hiyo kama amri ya Mungu, mpaka siku moja nikakuta mbwa amenona amelala mlangoni kwa bibi mmoja, nikamtolea bibi macho, nikaanza kumhoji kwa ukali. Bibi akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, huyu ni wa jirani. Kwangu anakuja kuota jua tu, maana hata yeye anajua hakuna kitu." Mzee Kaduma alicheka hadi akakaa chini. Akasema, "Umemhoji mbwa, hukumuuliza kwao ni wapi?"

Kwa hiyo mbwa, ndiyo, lakini muulizeni kwao.

Halafu jiko. Nenda nyuma ya nyumba ukasalimie jikoni kabla ya kukaribishwa sebuleni, kwa sababu sebuleni pameandaliwa kwa ajili yako. Ukipigiwa simu ya kukaribishwa, ujue simu hiyohiyo imeshapita kila mji. Kuna mahali nimefika nikakuta watoto wamevalishwa matambara, na mdogo mmoja analia anataka kurudishiwa viatu vyake. Mama yake anamfinya, mtoto anazidi, "Viatu vyangu vya taa, mama! Vile vya taa!" Mimi nikajifanya naangalia kuku.

Mwaka mmoja huko Iringa juu, kwenye baridi, vijiji viwili jirani vilisikia kwamba kaya zitatembelewa. Kila kijiji kikaona njia ni moja, mbuzi wahamishiwe kwa jirani mpaka wageni waondoke. Tatizo ni kwamba hawakuambiana. Asubuhi ile ile mbuzi wa huku wakipelekwa kule wakakutana darajani na mbuzi wa kule wakiletwa huku. Daraja la miti, jamani, la kupita mtu mmoja mmoja. Na sisi tumekwama ng'ambo na pikipiki yetu, tunangoja mbuzi wa maskini wapishane. Mzee Kaduma akavua kofia, akawaambia wachungaji kwa upole, "Poleni na msiba," kwa sababu hakuna safari nyingine ya mbuzi wengi namna ile asubuhi isipokuwa msiba wa tajiri.

Na kulikuwa na baba mmoja ambaye hadi leo namheshimu kwa akili zake. Alikuwa ameuza viazi vizuri, akanunua bati, akaezeka. Kisha akapanda juu akatandika nyasi juu ya bati. Ukiwa barabarani unaona nyumba ya nyasi kama nyumba zote za maskini. Mimi nilifika asubuhi na mapema, baridi ile ya kuuma masikio, mke anapika uji ndani. Nikasimama uani nikitazama. Nyumba ya nyasi, wanangu, huwa inapumua. Moto ukiwaka ndani, moshi unachuja polepole kupitia nyasi zote, paa zima linafuka. Hii haikufuka. Moshi wote ulitoka kwa pembeni, chini ya ukingo, kwa nguvu. Nikamwambia yule baba, "Nyumba yako imebanwa kifua." Akasema eti nyasi mpya huwa zinakaza. Nikachukua kijiti nikagonga ukingoni. Kong! Sote wawili tukalitazama lile paa, kisha akaniambia, "Mama, ingia unywe uji."

Mzee Karim, muuza vifaa vya ujenzi pale mjini Iringa, ambaye babu yake aliuza misumari kwenye duka hilohilo, alinieleza jambo ambalo sikulisahau. Alisema zamani mtu wa kijijini akinunua bati anapenda lipakiwe juu kabisa ya gari, kijiji kizima kilione linavyomeremeta. Siku hizi anakuja anachagua, analipa, halafu anasema, "Mzee, nitunzie hapa hapa." Akanishika mkono akanipeleka nyuma. "Tazama, dada. Stoo yangu imejaa mabati ya maskini. Mvua inanyeshea wenyewe, bati zinakaa pakavu kwangu."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Msidhani nawasimulia haya ili muwacheke watu wa vijijini. Wengi wao walikuwa maskini kweli, na ruzuku ile iliwapeleka watoto shule na kliniki, niliona kwa macho yangu. Lakini mpango ulikuja kumwinua mtu, na mtu akatambua kwamba akiinuka ataonekana, na akionekana ataondolewa. Kwa hiyo akainuka akiwa amejificha. Au asiinuke kabisa, akae palepale penye usalama. Nani alisema hivyo kwenye mwongozo? Hakuna. Hakuna aliyekaa ofisini akasema, "Tuwafundishe watu kuogopa bati." Ndiyo maana mimi siogopi sana sheria zilizoandikwa. Naogopa ile ambayo haikuandikwa na kijiji kizima kinaijua.

Sasa niwaambie ya Makongolosi, maana ndiyo niliyokusudia tangu mwanzo.

Nilihamishiwa Mbarali, kata moja upande wa Madibira. Mji ni mpunga mtupu, na watu ni mchanganyiko, Wasangu wenyeji, Wahehe na Wabena na Wanyakyusa waliofuata maji. Mwongozo wetu ulisema kaya isiyo na nguvukazi ipewe kipaumbele, yaani wajane, wazee, walemavu, mwanamke aliyebaki peke yake na watoto. Ni maneno mazuri. Lakini yalipofika kijijini yalikuwa yamebadilika njiani, na kila mtu aliyasikia hivi: mwenye mume hapati.

Siku ya kwanza nilipokaa kwenye mkutano wa kijiji kusikiliza kaya zikitajwa, nilidhani nimefika nchi ya wanawake watupu. Mume yuko wapi? Makongolosi. Na wako? Makongolosi, mama, kwenye dhahabu, hapigi hata simu. Na wewe? Huko huko. Makongolosi ni mbali, ni Chunya, na ni kweli vijana huenda kuchimba na wengine hawarudi. Ndiyo maana uongo ulikuwa mzuri, ulikuwa na mfano wa kweli. Lakini nikasema kimoyomoyo, kama wote hawa wako Makongolosi, basi huko hakuna hata pa kuweka mguu. Na nikitazama nyuma ya mkutano, chini ya ukuta wa ghala, wamekaa wanaume kibao wanatafuna miwa. Wageni, nikaambiwa. Vibarua.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa kicheko cha haraka. Mimi mtu anayecheka kabla sijamaliza sentensi huwa simwamini. Nikamwuliza, "Mwenyekiti, hawa vibarua wanalala wapi?" Akacheka. "Wanajitafutia, mama. Si unajua vijana."

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Mama Tuzo. Mwembamba, mpole, ana binti wa kwanza, Tuzo, aliyekuwa anasoma vizuri, na mdogo wake, Furaha, mtoto wa kusikiliza maneno ya wakubwa akiwa amenyonya kidole. Nilipokwenda kwake nilikuta usafi, umaskini wa kweli, na kioo. Kioo kidogo cha kunyolea, kimetundikwa juu ukutani, mahali ambapo Mama Tuzo hata akisimama kwa vidole angeona nywele zake tu.

Nikamwambia, "Mama Tuzo, unajitazamaje hapo?"

"Napanda kigoda, mama," akasema bila kupepesa.

"Kila siku?"

"Jumapili tu."

Nikamgeukia Furaha. Nikamwuliza baba yuko wapi. Mtoto akatoa kidole mdomoni, akasimama wima kama anayesoma shairi mbele ya darasa, akasema, "Baba hayupo. Yuko Makongolosi." Kisha akarudisha kidole. Wanangu, nawaambia hili kwa ukali kabisa: msiwaulize watoto. Mtoto akikuambia uongo, ujue mama yake ameukalia kitako kumfundisha, na unapouliza ndipo somo linazidi kuingia. Tangu siku ile sikuuliza mtoto tena.

Nikaondoka, lakini sikupita barabarani. Nilipita kwenye kingo za majaruba ya mpunga, njia ya matope, kwa sababu nilitaka kuona nini kinafanyika siku Mama Ruzuku anapokuja. Ulikuwa wakati mpunga unakaza na ndege wamejaa. Juu ya dungu la kulindia ndege alikaa mwanaume na manati, amepinda miguu. Nikamsalimu kwa Kihehe, "Kamwene." Akaitikia vizuri, kwa adabu ya mtu aliyelelewa. Nikatazama masikio yake. Yalikuwa yamechomoza kwa mbele, na nilikuwa nimetoka kuyaona, madogo, kichwani kwa Furaha.

"Unalinda shamba la nani?" nikamwuliza.

"La Mama Tuzo."

"Unamfahamu?"

Akavuta raba ya manati, akaiachia bila jiwe. "Namfahamu kidogo," akasema.

Nikakaa kwenye ukingo. Ndege wakatua kwa wingi upande wa pili, wala hakuwafukuza. Mimi nikanyamaza, maana Mzee Kaduma alinifundisha kwamba ukinyamaza vizuri mtu atakuja kuzungumza mwenyewe. Na kweli, Baba Tuzo alizungumza. Alisema mwanzoni ilikuwa ni mchezo, wanaume wote walikuwa wanachekana: wewe umeondoka lini, dhahabu vipi huko. Kila wageni wa mpango wakija wanapanda madungu, jioni wanarudi. Baadaye mchezo ukaota mizizi. Kwenye mgowe, ile kazi ya kusaidiana shambani inayomalizikia kwenye pombe ya komoni, wakaacha kumwita, eti wewe si uko Makongolosi? Mzazi akiitwa shuleni, anakwenda mjomba. Mtoto akiumwa, anayeonekana zahanati ni mama. Akaniambia, "Mama, mimi ni kibarua tu, sina shamba la maana, na tukikosa ruzuku Tuzo hasomi. Najua. Lakini juzi Furaha alikutana nami njiani akiwa na wenzake, akanisalimia 'Shikamoo, mjomba.'"

Nilimwona kuwa maskini mwenye mke, ambaye ni maskini vilevile kama asiye na mke. Nikamwambia, "Fukuza ndege, baba. Mimi nimepita tu." Nikaenda zangu.

Nilijaribu. Kwenye mkutano uliofuata nilisimama nikasema kwa sauti, nikarudia kwa maneno rahisi, kwamba mwongozo haukatazi mume, kwamba kaya yenye mume inaweza kuwa maskini na ikapata, njooni mseme ukweli tuandike upya. Watu wakanisikiliza kwa heshima kubwa. Hakuna aliyejitokeza. Mzee mmoja alinifuata baadaye akaniambia kwa siri, "Mama, huo mtego wako ni mzuri, lakini tumeshaujua." Waliniona mimi ndiye mwenye hila! Basi tukabaki tunashukiana, mimi nawatazama wao, wao wananitazama mimi, na katikati yetu hakuna anayemwamini mwenzake hata kwa salamu.

Ikafika kipaimara cha Tuzo. Aliniletea mwaliko kwa mdomo, binti yule, amevaa sare ya shule, akasema, "Mama, naomba uje kanisani." Nikaenda. Wakaniketisha mbele, kando ya mwenyekiti wa kijiji. Watoto wamevaa nguo nyeupe, kanisa limefurika, na mchungaji alitoka mbali, hakuwafahamu watu wa kijiji vizuri. Kila mtoto akiitwa, wazazi wake wanasogea wanamwekea mkono begani wakati anaombewa. Akaitwa Tuzo. Mama yake akasimama, na kwa upande wa pili akasimama mjomba, kaka yake Mama Tuzo, bwana mmoja mzuri tu ila pombe ya ulanzi ilikuwa imeshamtembelea asubuhi, maana aliinama akamwuliza dada yake jina la mtoto.

Akaweka mkono. Mchungaji akafumba macho aanze kuomba.

Nikasikia benchi la nyuma linasogea. Baba Tuzo alikuwa amekaa karibu na mlango, amevaa koti la kuazima lenye mikono mirefu. Akaja katikati ya kanisa, taratibu, anatazama mbele tu. Hakukimbia, hakupiga kelele. Akafika pale akasema, "Ondoa mkono, shemeji. Huyu ni mtoto wangu."

Mjomba akauondoa. Baba Tuzo akaweka wake. Na Tuzo, ambaye nadhani hakuwa amelitaja neno hilo mbele ya watu kwa muda mrefu, akasema "Baba" na kulia kwa sauti mpaka mwalimu wa kwaya akaanzisha wimbo kumfichia aibu. Mimi nililia pia, sina haya ya kusema. Mwenyekiti akaniinamia akanong'ona, "Mama, yule amerudi lini?" Nikamwambia, "Ni mwanakijiji wako, muulize wewe."

Mnadhani kijiji kilifurahi? Kiliogopa. Mmoja akifunuka wote wanafunuka. Na mtu aliyeogopa hana huruma, hilo mlikumbuke mkienda kazini. Kabla mimi sijafika na lolote, wakaitisha mkutano wenyewe, wakataka kaya ya Mama Tuzo iondolewe kwa udanganyifu, ili wao waonekane wasafi. Mama aliyepiga kelele kuliko wote, "Tapeli! Anatuharibia kijiji!", mume wake wa Makongolosi alikuwa amesimama nyuma yake, amemshikia mwavuli kwa sababu ya jua.

Nilisimama kupinga. Nikasema kama ni hivyo basi tuanze upya nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti hakucheka siku hiyo. Akauliza wanaounga mkono kaya hiyo iondolewe, ikanyooshwa mikono mpaka ya vibarua wale wa chini ya ukuta wa ghala. Nilipopeleka jambo wilayani nikaambiwa mkutano wa kijiji umeamua na mpango unaheshimu uamuzi wa jamii. Nilikasirika siku nzima, nikala ugali wa watu wawili.

Nyumbani kwa Mama Tuzo amani ikaondoka. Yule mama mpole akawa anamwambia mumewe maneno ambayo majirani waliyasikia wakayarudia hadi kwangu. "Umeona fahari ya koti? Tuzo ataikalia darasani?" Siku moja Baba Tuzo akafunga nguo zake kwenye mfuko, akasema atakwenda kutafuta ada, na akaenda kweli. Mnajua alikwenda wapi. Mwanzoni alipiga simu, akatuma kidogo. Kisha simu ikawa haipatikani.

Mkutano uliofuata Mama Tuzo akanyoosha mkono. Akasimama, amejifunga khanga kiunoni, akasema, "Ndugu zangu, naomba mnifikirie tena. Mume wangu ameondoka. Yuko Makongolosi."

Walicheka, wanangu. Mkutano mzima. Wengine walishikana mabega. Mtu mmoja akapaza sauti, "Angalia vizuri kwenye dungu!" wakaanza tena. Mama Tuzo alisimama pale katikati, mikono imening'inia, akingoja wamalize, na walipomaliza akakaa chini.

Mimi sikucheka, lakini siwadanganyi, sikumwamini pia. Nikajiambia huenda wameelewana, anajificha mbali zaidi safari hii. Nikaenda kwake kesho yake bila kumwambia mtu, kwa njia yangu ya matope. Sikuuliza kitu. Nikatazama kama ilivyo kazi yetu. Chini ya ukingo wa nyumba lilikuwepo jembe kubwa la kiume, na mpini wake umekatwa kwa msumeno, kata mpya, mbao bado nyeupe. Umekatwa ufae kimo cha mwanamke mfupi. Nikalishika, nikajua. Mke anayemtegemea mumewe arudi jioni haukati mpini wake.

Mama Tuzo akaniona nimelishika. Akaingia ndani kunipikia chai, na Tuzo alikuwa humo ndani anapepeta mchele, mchana wa siku ya shule. Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwambia nimehakiki mwenyewe. Akanionea huruma kabisa. "Mama, hata wewe leo wamekuweza?" Akasema tungoje zoezi lijalo la kuandikisha kaya. Zoezi lilipokuja mimi nilikuwa nimeshastaafu.

Ila siku ile ya jembe, nilipokuwa naondoka, Furaha alinisindikiza mpaka mwisho wa majaruba, kidole mdomoni. Nami nilikuwa nimeapa kutomwuliza mtoto, sikumwuliza. Aliniuliza yeye.

"Mama Ruzuku, wewe unafika Makongolosi?"

"Naweza kufika, mwanangu."

Akatoa kidole, akanisogelea asisikike.

"Ukimwona baba, mwambie sisi tumeshafutwa. Sasa anaweza kukaa nyumbani."